Dawati la wageni likitoka polisi, nini kinahama nalo?

Kijana wa Kasulu, mkoani Kigoma, akipata nafasi ya kusoma Italia, viza huichukua ubalozini, hupanda ndege, na akishatua ana siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kuishi. Fomu huipeleka posta. Posta humpa stakabadhi na tarehe ya kufika Questura, yaani makao ya polisi ya mkoa, akachukuliwe alama za vidole. Sasa chukulia kwamba usiku huo amemtumia mama yake ujumbe wa sauti: "Mama, kesho asubuhi nimeitwa polisi, wanataka alama za vidole." Hapo Kasulu hakuna atakayelala. Alama za vidole tumezizoea, tumezitoa NIDA kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, tumezitoa tukisajili laini za simu. Lakini kuitwa polisi asubuhi ni jambo jingine kabisa, na kumweleza mama kwamba huko ugenini polisi ndiyo ofisi ya karatasi kunataka vocha ya kutosha.

Hofu ya mama huyo ndiyo hoja yenyewe. Kibali cha kuishi ni karatasi ya utawala, ndugu yake leseni ya biashara na cheti cha kuzaliwa. Anayekiomba hajatenda kosa; kinyume chake, ndiye aliyejileta mwenyewe kufuata utaratibu. Kwa nini basi apokelewe kwenye ofisi ambayo kazi yake ni kushughulika na wahalifu? Nchi kadhaa zimejiuliza hivyo zikachukua hatua. Jamhuri ya Czech iliutoa ukaazi wa muda mrefu mikononi mwa polisi wa wageni mwaka 2011 na kuupeleka kwa maofisa wa wizara. Uturuki ikafuata mwaka 2015, Finland 2017, Ureno 2023. Kwa mbali zote zinaonekana kusafiri njia moja, kutoka kwenye rungu kwenda kwenye kalamu.

Ukikaribia unaona njia hazifanani, na baadhi ya wasafiri wamekwama katikati. Sisi wa Kigoma, mpakani na Burundi, tuna sababu ya kulitazama suala hili kwa jicho kali kuliko mtu wa Morogoro, kwa kuwa habari za nani ana karatasi na nani hana tunalala nazo na kuamka nazo. Ninavyoona mimi, kuuliza "polisi au raia?" ni kuuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ndiyo nzito: huyu anayeniandikisha, ndiye mwenye mamlaka ya kunikamata?

Polisi waliingiaje humu

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ufaransa ilipoamua mwaka 1888 kwamba kila mgeni anayekaa nchini atoe taarifa zake, ilimwelekeza kwa meya wa mji anaoishi, yaani serikali ya mtaa. Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza ilipitisha sheria ya kudhibiti wageni mwaka 1914, vita vilipoanza tu, na wageni wakatakiwa kujiandikisha polisi. Ufaransa nayo mwaka 1917, katikati ya vita, ikaanzisha kitambulisho maalumu cha wageni. Mgeni alikuwa amegeuka mtu wa kushukiwa, pengine jasusi, na mtu wa kushukiwa huwekwa karibu na polisi. Vita vikaisha, daftari likabaki pale pale.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyo na ubaya wowote: polisi walikuwapo. Kituo kipo hadi kwenye mji mdogo, hakifungwi saa tisa na nusu, kina kaunta, kina kitabu, kina watu waliofundishwa kuandika taarifa kwa mpangilio. Hata sisi tunavitumia hivyo. Ukipoteza kadi ya benki au cheti cha kidato cha nne, unaanzia polisi kuchukua taarifa ya upotevu, ingawa hakuna mwizi wala kesi. Serikali yenye fedha kidogo ikitafuta mahali pa kuweka daftari jipya, macho huangukia kituo cha polisi kwanza.

Uingereza yenyewe iliachana na utaratibu wake Agosti 2022. Mpaka wakati huo, raia wa baadhi ya nchi waliofika na viza za muda mrefu walilazimika kwenda polisi, kulipa ada na kugongewa cheti cha kujiandikisha. Haukuhamishiwa ofisi nyingine; ulifutwa tu, kwa sababu taarifa zile zile zilikuwa tayari zimechukuliwa wakati wa kuomba viza. Hilo nalitaja kwa makusudi, maana watetezi wa mageuzi ya namna hii huwa wepesi wa kujenga ofisi mpya na wazito wa kuuliza kama kazi yenyewe inahitajika.

Kazi tatu ndani ya neno moja

Tukisema "mambo ya vibali" tunafunga kwenye fungu moja kazi ambazo hazina undugu wa lazima. Kuna kuamua kama mtu aruhusiwe kuishi nchini. Kuna kuandika na kutunza kumbukumbu: jina, picha, anwani, tarehe ya mwisho wa kibali, pamoja na kumpa kadi yake mkononi. Halafu kuna kusaka asiye na kibali, kumshikilia na kumwondoa. Polisi wa wageni wa mtindo wa zamani walifanya zote tatu kwenye jengo moja, na mara nyingi ofisa mmoja aliweza kuzifanya zote kwa siku moja.

Ukishazitenganisha hivi, habari za nchi mbalimbali zinaanza kueleweka. Hispania, kwa mfano, uamuzi hufanywa na ofisi ya kiraia ya wageni, lakini alama za vidole na kadi hubaki kwa polisi wa taifa. Italia imefanya kinyume chake, au karibu. Tangu Desemba 2006 fomu nyingi hupokelewa posta, lakini uamuzi na kadi vimebaki Questura. Nia ilikuwa kupunguza foleni mbele ya milango ya polisi, na kweli mlango wa kwanza umekuwa mpole zaidi. Ila mwombaji amepata foleni mbili badala ya moja, na karani wa posta akiulizwa faili limefikia wapi hana jibu, kwa kuwa si lake.

Italia hiyo hiyo imefanya jambo jingine ambalo naliona la kufundisha zaidi. Tangu Aprili 2007, raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hawaombi tena karatasi polisi. Akikaa zaidi ya miezi mitatu anakwenda manispaa, kwenye ofisi ile ile ya usajili wa wakazi anakokwenda Mtaliano aliyehama nyumba. Kwa hiyo Mromania na Mtanzania wanaokaa ghorofa moja, wanaofanya kazi kiwanda kimoja, hupokelewa na serikali kwenye milango miwili: mmoja kwa karani wa manispaa, mwingine kwa polisi. Mromania huyo mwaka 2006, kabla nchi yake haijaingia kwenye Umoja, naye alikuwa mtu wa polisi. Tabia yake haikubadilika usiku wa Mwaka Mpya wa 2007, na Italia haikusambaratika kwa sababu manispaa ilikabidhiwa daftari. Pendekezo la kuwafungulia wageni wengine mlango huo limezungumzwa huko kwa miaka mingi bila kufika mwisho.

Finland ndiyo iliyofanya kwa utulivu kuliko wote. Tarehe 1 Januari 2017, kuongeza muda wa vibali, kuandikisha raia wa Umoja wa Ulaya na kutoa hati za kusafiria za wageni kulitoka polisi kwenda kwa idara ya uhamiaji, ambayo ni ofisi ya kiraia na tayari ilikuwa ikiamua maombi ya kwanza. Polisi wakabaki na ukaguzi wa wageni na kuwaondoa waliokataliwa. Mpaka kati ya kazi ya pili na ya tatu ukachorwa wazi. Gharama yake ilionekana kwenye ramani: vituo vya huduma vya idara ni vichache kuliko vya polisi, hivyo aliyezoea kutembea dakika kumi mpaka kituoni akaanza kupanda treni. Mwenye intaneti alipata nafuu, kwani maombi hujazwa mtandaoni, lakini vidole havitumwi kwa mtandao.

Ureno, au jinsi ya kuhamisha meza bila watu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kisa cha Ureno kina karibu kila kitu ndani yake.

Kwa miongo kadhaa kazi zote tatu zilikuwa chini ya chombo kimoja, SEF, huduma ya wageni na mipaka. SEF ilikagua pasipoti uwanja wa ndege, ikatoa vibali vya kuishi, ikapeleleza magenge ya kusafirisha binadamu, ikafukuza. Machi 2020, raia mmoja wa Ukraine aliyezuiwa kuingia nchini alifia mikononi mwake, kwenye kituo cha kushikilia watu katika uwanja wa ndege wa Lisbon, baada ya kupigwa. Wakaguzi watatu wa SEF walihukumiwa vifungo mwaka 2021. Kashfa hiyo ndiyo iliyoipa nguvu hoja iliyokuwa ikisemwa chinichini, kwamba anayeshika pingu asishike muhuri. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuivunja SEF.

Utekelezaji uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na hatimaye ukafika tarehe 29 Oktoba 2023. Mali ya marehemu ikagawanywa: viwanja vya ndege wakapewa polisi wa usalama wa umma, pwani na mipaka ya nchi kavu wakapewa walinzi wa taifa, upelelezi wa magenge ukaenda polisi wa upelelezi. Vibali vikapewa wakala mpya wa kiraia, AIMA, na sehemu ya kazi ya kuviongezea muda ikapelekwa kwa ofisi ya usajili inayoandikisha vizazi na ndoa za Wareno wenyewe. Kwenye karatasi ni mgawanyo mzuri sana. Mtu yeyote aliyewahi kutetea haki za wageni angeuchora hivyo hivyo.

Lakini AIMA ilirithi pia mafaili ya SEF, mamia ya maelfu. Kufikia mwaka 2024 serikali ilikuwa ikitaja maombi kama 400,000 yanayosubiri. Maofisa wengi waliokuwa wakiyajua walikuwa wakaguzi, na wakaguzi walikwenda kwenye vyombo vya polisi. Wakala wa kiraia ukabaki na milima ya makabrasha na watumishi wachache. Watu walishindwa kupata hata tarehe ya kuonana na ofisa. Mawakili wakagundua njia, kwamba mahakama ya utawala ya Lisbon ikiamuru wakala umpangie mteja tarehe, tarehe hupatikana. Kesi zikamiminika kwa maelfu mpaka mahakama nayo ikaelemewa. Serikali ikalazimika kutamka mara kadhaa kwamba vibali vilivyokwisha muda vihesabiwe kuwa hai mpaka tarehe fulani, kisha tarehe nyingine, kisha nyingine. Tamko hilo lilikuwa na nguvu ndani ya Ureno. Ukifika uwanja wa ndege wa nchi jirani na kadi iliyokwisha muda mwaka uliopita, ofisa wa huko anasoma kilichoandikwa kwenye kadi.

Mwaka 2024 ikaundwa timu maalumu ya kumaliza malimbikizo, na kituo kikubwa cha kuhudumia waombaji kikafunguliwa Lisbon kwenye majengo ya jumuiya ya Wahindu. Mwaka 2025 Bunge likaridhia kitengo kipya cha wageni na mipaka ndani ya polisi wa usalama wa umma. Vibali vilibaki kwa AIMA, lakini kazi ya tatu ilikuwa imepata nyumba mpya, imara, yenye bajeti.

Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba kazi ingebaki kwa askari. Sikubaliani nao, kwa sababu ndogo tu: sehemu kubwa ya mlima ule ilikusanyika wakati wa SEF. Kilichoshindikana ni kuhamisha mamlaka bila kuhamisha watumishi, mifumo na fedha za kuyatumia. Mtumishi yeyote wa halmashauri zetu aliyewahi kukabidhiwa "majukumu mapya" kwa waraka wa kurasa mbili anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Raia mwenye pingu

Uturuki inaongeza fundo. Sheria yake ya wageni ilipitishwa Aprili 2013, na Mei 2015 ofisi za mikoa za kurugenzi mpya ya uhamiaji zikaanza kuchukua kazi iliyokuwa ya dawati la wageni polisi. Wafanyabiashara wetu wanaofuata nguo Istanbul na wanafunzi walioko huko huomba kibali mtandaoni, kisha hupeleka makabrasha kwa ofisa asiyevaa sare. Ni badiliko kubwa, tena lilifanyika wakati nchi hiyo inapokea wakimbizi wa Syria kwa mamilioni. Lakini sheria hiyo hiyo iliikabidhi kurugenzi ya kiraia pia vituo vya kuwashikilia wanaosubiri kurudishwa kwao. Muhuri na ufunguo wa mahabusu vimekaa kwenye wizara moja, idara moja. Sare imevuliwa, kazi ya kwanza na ya tatu bado zinalala kitanda kimoja.

Ujerumani nayo vibali vinatolewa na ofisi za wageni za miji na wilaya, raia watupu. Hata hivyo sheria ya ukaazi inazitaka ofisi za umma zinapobaini mtu asiye na kibali zitoe taarifa. Shule ziliondolewa kwenye sharti hilo mwaka 2011, kwa sababu inayoeleweka na mzazi yeyote: mtoto asingepelekwa darasani kama uandikishaji wake ungeuza anwani ya nyumbani. Hapo utaona kwamba unaweza kumwondoa askari kwenye dawati, lakini kama daftari linasomeka mpaka mezani kwake, mwombaji mwenye akili atamwona askari yule yule nyuma ya karani.

Na hapa kwetu?

Mtu wa Bujumbura anayetaka kuwekeza Mwanga, mjini Kigoma, haendi polisi. Anakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi daraja A, la wawekezaji na wafanyabiashara. Tangu sheria ya mwaka 2015 huhitaji pia kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kama angekuwa mwajiriwa, kibali chake cha ukaazi kingekuwa daraja B. Daraja C lina wengine, wakiwamo wanafunzi na watafiti. Akishakamilisha, NIDA ina kitambulisho cha mgeni mkaazi. Akiwa mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, habari yake inashikwa na sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 na mkuu wa makazi, ambaye ndiye hutoa ruhusa ya kutoka kambini. Kwa hiyo ukiuliza kwa kipimo cha Ulaya, Tanzania ilishalitoa dawati polisi.

Nenda kawaeleze hivyo watu wa Manyovu. Uhamiaji ni chombo chenye sare na vyeo, kuanzia konstebo mpaka Kamishna Jenerali, ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani pamoja na Polisi, Magereza na Zimamoto. Ofisa wake anaweza kukuandikisha na anaweza kukukamata. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, Uhamiaji, polisi na wanajeshi walitembea pamoja, na kwa mwanakijiji aliyegongewa mlango tofauti ya kombati haikuwa na maana. Kisha Uhamiaji ikaja kuandikisha walowezi wa mkoa huu, yaani wahamiaji wa siku nyingi, kwa mfumo wa kielektroniki, kazi yenye manufaa kabisa, kwani mtu aliyeishi miaka thelathini Buhigwe bila karatasi anahitaji mahali pa kuanzia. Lakini mlowezi aliyeiona 2013 angeuliza nini kabla ya kutaja jina lake? Angeuliza orodha hii inakwenda kwa nani.

Suala la NIDA linaonyesha upande wa pili wa sarafu. NIDA ni ofisi ya kiraia, na sheria ya utambuzi wa watu ipo tangu 1986 ingawa mamlaka yenyewe iliundwa 2008. Ila mikoa ya mpakani fomu hupita kwa ofisa wa Uhamiaji, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Babu amezikwa wapi. Bibi mzaa mama alikuwa kabila gani, ametoka kijiji gani. Ulisoma shule ipi, mwalimu mkuu alikuwa nani. Lafudhi haimsaidii ofisa, kwa sababu Kiha na Kirundi husikilizana, na mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya koo. Mwenye babu aliyezikwa mahali pasipo na kumbukumbu anarudi nyumbani na fomu yake. Wabunge wa mkoa huu wamelisemea hilo bungeni si mara moja. Mlango ni wa kiraia, chumba cha ndani si cha kiraia, na aliyekwenda kuandikishwa anajikuta anahojiwa.

Kuna wanaopendekeza jambo linalosikika jema: shusheni usajili wa wageni kwenye serikali za mitaa, kama RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ilivyofanya kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao tangu mpango ule ulipoanzia Mbeya mwaka 2013 huandikishwa kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, mkoa baada ya mkoa. Mtendaji wa kijiji anawajua watu wake. Daftari la wakazi analo. Nauli ya kwenda mjini inaokolewa.

Hapa mimi nasita, na sababu yangu ni ya Kigoma hasa. Mtendaji anawajua watu wake, sawa, na watu wake wanajuana. Ugomvi wa mpaka wa shamba la mihogo ukipamba moto, mmoja akiona anaelekea kushindwa, neno la haraka ni lile: "Huyu ni Mrundi." Mjomba anasema hivyo juu ya mtoto wa dada yake wakigombea urithi. Mgombea husemwa hivyo wakati wa kampeni. Ofisi iliyo mbali ina taabu zake, lakini haina shamba linalopakana na la mwombaji. Tena mtendaji si karani mtupu: ni mlinzi wa amani kisheria, na mgambo wanamsikiliza. Ukimkabidhi daftari la wageni bila kumpunguzia mamlaka ya kukamata kwenye jambo hilo, umeshusha kituo cha polisi kijijini na kukiita ofisi ya kijiji.

Mtoto wa siku arobaini anayeandikishwa kliniki hana mtu anayefaidika akikataliwa. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo maana mfano wa RITA haubebeki wote.

Ulyankulu, kule Kaliua mkoani Tabora, inatupa kipimo cha kwetu wenyewe. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliwekwa pale, na wengine Katumba na Mishamo, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Mwaka 2007 serikali iliwapa kuchagua, na wengi wakachagua kubaki na kuwa Watanzania. Kuandikishwa kulikwenda vizuri. Uamuzi nao ulitoka: mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa uraia. Kisha vyeti vikakwama, kwa kuwa sera ya awali iliwataka wahame makazi yale wakaenezwe mikoa mingine kwanza, na mikoa mingine haikuwa tayari kuwapokea. Walianza kukabidhiwa vyeti Oktoba 2014. Kwa miaka minne mtu wa Ulyankulu hakuwa mkimbizi kamili wala raia kamili. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, lakini mfukoni hakuwa na kitu cha kumwonyesha askari wa barabarani.

Ndiyo maana nikisoma pendekezo lolote la kuhamisha dawati, la kwetu au la Ulaya, siangalii kwanza jina la ofisi mpya. Natafuta kipindi cha kusubiri kimeandikwa nini. Mwanafunzi wetu wa Italia, pamoja na polisi wake, ana stakabadhi ya posta inayomruhusu kuendelea kuishi na kusoma mpaka kadi itoke. Aliyekwama na AIMA alikuwa na ofisi ya kiraia lakini kwa miezi hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Mlowezi wa Kigoma aliyeandikishwa naye alihitaji kujua karatasi aliyopewa ingemkinga dhidi ya nani, kwa muda gani, na kama ofisa wa wilaya nyingine angeiheshimu. Hayo ni mambo ya kifungu kimoja au viwili vya sheria, na katika mijadala mingi ya polisi na raia niliyoifuatilia, hufikiwa mwishoni, wakati ukumbi umeshaanza kupungua watu.